Jinsi Nilivyojifunza Kuingia Katika Sabato

Kwa miaka mingi niliamini kwamba naishika Sabato, kwa sababu tu siku hiyo sikufanya kazi. Jua lilipokaribia kuzama siku ya Ijumaa nilifunga vitabu vya hesabu, nikazima kompyuta, nikaketi na watu wa nyumbani kwa ibada ya kuifungua siku. Hata hivyo, Jumamosi mchana, katikati ya mahubiri, bado nilikuwa naitafuta tofauti ya fedha iliyonishinda tangu juzi yake. Mikono ilikuwa imepumzika, mwenyewe sijapumzika, na jambo hilo lilinihuzunisha sana, kwa kuwa niliipenda siku ile na nilijua kwamba inanipita.

Nilikuja kuelewa nikiwa ndani ya mashua. Asubuhi moja rafiki yangu alinichukua ziwani, upepo haupo, maji yamelala. Tulipofika mbali kidogo na ufuko aliyainua makasia, akayalaza ndani ya mashua, akaniomba tukae kimya. Nilitazamia kwamba tungesimama papo hapo, lakini mashua iliendelea kwenda huku matone yakidondoka kutoka kwenye makasia na omo likizidi kuyapasua maji, polepole, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kwa maana chombo kizito kikishapata mwendo hakiuachi mara moja, bali maji yenyewe hukizuia kidogo kidogo mpaka kitulie. Na hata kilipotulia, viwimbi tulivyokuwa tumeviacha nyuma vilitufikia, vikatutikisa mara ya mwisho, vikapita. Hapo ndipo kukawa shwari.

Niliona kosa langu waziwazi. Nilikuwa nayainua makasia dakika ile ile ya machweo, kisha najilaumu kwa nini bado naenda.

Niliporudi nyumbani nilisoma upya habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16, sura inayotangulia kutolewa kwa Amri Kumi. Siku ya sita watu waliokota maradufu, wakaambiwa waoke na wachemshe mapema, na waliotoka kuokota siku ya saba hawakuona kitu. Sabato, basi, hutengenezwa siku ya sita, na Injili ya Marko inaiita siku hiyo Maandalio. Mimi nilikuwa nimeifanya Ijumaa kuwa siku ya kukimbizana kuliko zote.

Nilianza kwa kuhamishia shughuli za sokoni na za kufua Alhamisi. Ijumaa sikuanzisha hesabu yoyote mpya baada ya saa sita mchana, hata ikionekana ndogo, kwa sababu zile ndogo ndizo zilizokuwa zikinifuata mpaka kitandani. Kila jambo lililobaki nililiandika katika daftari pamoja na hatua ya kwanza nitakayoichukua Jumapili, kisha daftari na simu vikaingia kabatini saa nzima kabla ya machweo. Saa hiyo ndiyo iliyonigharimu zaidi. Majuma ya mwanzo nilizunguka chumbani bila kujua nifanye nini, nikatamani kurudi mezani, lakini nilikumbuka mashua na nikaacha mwendo uishe wenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo naona aibu kwamba lilichelewa kunifikia. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 haitaji uumbaji, tofauti na ile ya Kutoka 20. Inawakumbusha watu kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwa hiyo mtumwa na mjakazi wao nao wapumzike kama wao. Nami nilikuwa nikiketi na Biblia mikononi huku mke wangu akiosha vyombo vya chakula cha jioni. Utulivu wangu ulikuwa umelipiwa na mgongo wake! Tulizungumza, tukagawana kazi za Ijumaa, na sasa vyombo vinakuwa safi, sote wawili tumekaa, kabla jua halijagusa upeo wa macho.

Tangu hapo nimeuthamini pia utaratibu wa kuihesabu siku tangu jioni hata jioni, kama Walawi 23 inavyosema. Siku inayoanza jioni humpa mtu usingizi kwanza. Saa zake za mwanzo hazimdai chochote.

Ijumaa iliyopita ile fikra ya fedha zisizolingana ilinijia tena, dakika chache baada ya wimbo wa kwanza. Sikuipinga, wala sikuinuka kulifuata daftari. Niliendelea kuimba pamoja na wengine, tukala, tukazungumza na watoto mpaka wakasinzia. Nilipokuwa nikizima taa niligundua kwamba nilikuwa nimeisahau tangu wimbo ule.