Fimbo ya Vidonge

Jumamosi nilikuwa natoa utando wa buibui, binti yangu wa mwisho akaukodolea macho mti wa fagio. "Mama, hii mistari ya nini?"

Iko minne. Rangi imebanduka, lakini ukiuelekeza mti kwenye mwanga bado unaiona: sentimita 90, 120, 141 na 159. Huo mti ndio uliobaki mkononi mwangu baada ya miaka mitatu ya kujitolea, kugawa dawa za matende na mabusha ng'ambo ya mto Pangani. Posho ilikuwepo, tukiisaini leo, inavuka na pantoni miezi mingine ikiwa imekonda. Tuyaache hayo.

Mizani hatukuwa nayo, kimo kilitosha. Asiyefika mstari wa kwanza hapewi. Aliyeufika, kidonge kimoja cha mektizani, na kuendelea hivyo hadi vinne kwa aliyefika mstari wa juu, pamoja na albendazoli moja. Wajawazito tuliwaruka, na hivyo mimi nikajua mimba za kijiji kizima kabla ya mama wakwe. Kuna mengine nayabana mpaka leo.

Sharti lilikuwa mtu ameze mbele ya macho yako. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wanaume walisema vile vidonge vinamaliza nguvu, na baada ya zile vurugu za dawa za kichocho kwenye shule za Morogoro mwaka 2008, hata waliokuwa wakimeza wakaanza kusema watameza usiku.

Kulikuwa na mzee mmoja, babu wa mume wangu kwa upande wa ukoo, mshona nyavu. Ukimkuta amekaa chini ya mwembe, wavu umejaa mapajani. Asubuhi, jioni, hata siku ya Idi. Wavu ule ulikuwa unafunika nini, kijiji kizima kilijua na hakuna aliyesema. Miaka miwili alinifukuza kwa utani: "Mke wangu, mimi wa kupimwa na wewe?" Nami nikaandika hayupo.

Mwaka wa tatu nilimwamkia, akaitikia, utani haukuja. Akautazama mti, akanitazama mimi.

"Uchomeke hapo mchangani. Kisha geuka."

Nikageuka, nikaelekea mtoni. Pantoni ilikuwa katikati, mtu na baiskeli yake na mbuzi watatu. Nyuma yangu nikasikia chubwi za wavu zikigongana, wavu ukiteremka. Kisha pumzi, ya mtu anayeinua mzigo. Kisha kiganja kikiushika mti, ukatoa mlio mdogo pale chini. Mbuzi mmoja alikuwa anajaribu kuruka, mwenye baiskeli kamkamata sikio. Sijawahi kumtazama mbuzi kwa bidii kama siku ile.

"Nimepita wa juu."

Nikahesabu vinne na ile albendazoli, nikarudisha mkono nyuma bila kugeuka. Vidole vilivyovichukua vilikuwa vigumu kama kamba ya nanga. Nikasikia maji yakimiminwa kikombeni. Chubwi tena.

"Tayari."

Nilipogeuka amekaa, wavu mapajani, sindano ya nyavu mkononi kana kwamba hakuinuka. Kwenye safu ya "amemeza mbele yangu" nikatia alama ya vema.

Tulifundishwa kwamba vidonge vinaua vijidudu vichanga kwenye damu, mbu asivipeleke kwa mwingine. Busha lenyewe haliondoki kwa vidonge, linataka kisu. Nilitakiwa kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni, nikaona kama amekwisha kunipa kingi kwa siku moja, nikaaga. Mwaka uliofuata sikuwa kule tena.

Ila kabla sijafika njia panda aliniita. Hakusema mke wangu, wala mama fulani, wala mke wa fulani, nilivyoitwa tangu niolewe kijijini pale. Aliita jina langu lile la kwetu, ambalo sikujua kama analijua. Nikageuka. Akaniambia jua kali, nifunike mtoto.

Haya nilimhadithia binti yangu kwa mkato, wavu nikauruka. Akasimama kwenye mti, akajipima: vidonge viwili. Kisha akauliza, "Sasa huyo babu alimeza au hakumeza?"

Nikamwambia aniletee kigoda, pale pembeni sijafika.