Lindo la The Phantom Pain: askari wanavyochekesha na namna ya kuwapita

Askari amesimama kwenye kona ya ukuta wa udongo, bunduki begani, macho barabarani. Magazini tupu ya risasi inadondoka mchangani nyuma yake. Anashtuka, anauliza kuna nini huko, anaacha lindo na kuufuata mlio. Muda mfupi baadaye yuko juu ya mapaa, kafungwa kwenye puto, anapiga yowe huku akipotelea mawinguni.

Hiyo ndiyo Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, gemu la kampuni ya Konami lililotoka Septemba 2015 chini ya mwongozaji Hideo Kojima. Hadithi yake iko mwaka 1984, kwanza Afghanistan, kisha mpakani mwa Angola na Zaire. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar, Manzese hadi Mbagala, mpira ndio unaoshika televisheni nyingi. Gemu hili likiwekwa, watazamaji huangua kicheko wakiwaona walinzi wanavyohangaika, kisha husema walinzi wenyewe mazuzu. Si mazuzu. Wanaona, wanasikia, wanaambiana, na wanakariri tabia yako. Kila kituko unachokicheka kimetokana na mojawapo ya hayo manne, na anayejua ni lipi anaweza kuitembea kambi nzima bila kuua mtu.

Masikio ndiyo njia rahisi kuliko zote. Magazini tupu hazina idadi, utarusha mpaka uchoke. Wengi hukosea pa kuirushia: wanaidondosha kati yao na askari, naye anakuja moja kwa moja akiwatazama usoni. Piga mstari kichwani kutoka ulipo wewe, upite alipo yeye, uendelee mbele. Magazini iangukie huko mbele, upande wa pili wake. Akigeuka kufuata mlio, mgongo wake unabaki kwako. Mfuate ukiwa umechuchumaa, tena bila kuisukuma fimbo ya pedi mpaka mwisho, maana mwendo wa haraka una kelele. Akifika pale atasimama, atapekua kwa macho, kisha atarudi njia ileile aliyojia. Kwa hiyo umfikie kabla hajageuka, la sivyo mtagongana vifua.

Mkono wa kushoto wa Snake, mhusika unayemchezesha, ni wa bandia, na anaweza kuugonga utoe mlio wa chuma. Huu unafanya kinyume cha magazini: unamleta askari kwako. Jibanze kwenye kona ya ukuta, gonga, tulia. Akichomoza tu, mkamate. Walinzi wawili wakiwa wanapiga soga pamoja, usigonge. Subiri waachane.

Ukimkabili kwa nyuma na silaha ananyosha mikono juu. Hapo usimwache amesimama. Mwamuru alale chini. Aliyelazwa kifudifudi kwa amri hukaa palepale mpaka mwenzake amkute, wakati aliyepigwa sindano ya usingizi huamka mwenyewe muda wake ukiisha. Kwa kambi kubwa tofauti hiyo ni nzito: wale uliowachoma sindano mwanzoni wanaweza kuwa wameshaamka kabla hujamaliza kazi upande wa pili.

Bastola ya usingizi, inayorusha sindano hizo, nayo ina masharti yake. Sindano ya kichwani inalaza papo hapo. Ya kifuani au mguuni inachukua sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo mtu anajua kachomwa. Sindano hushuka kadiri inavyokwenda mbali, kwa hiyo kwa aliye mbali lenga juu kidogo ya utosi. Kiwambo cha kuzuia sauti huchakaa kwa kila mlio, na kikiisha bastola yako inasikika kama nyingine yoyote. Hapo unaagiza kasha la vifaa lishushwe toka angani.

Na kasha lenyewe ni silaha. Chagua kwenye ramani sehemu aliposimama askari asiyetembea tembea, omba kasha, kaa kimya uangalie. Likimshukia kichwani anazimia. Mbinu hiihii inamwangusha hata Quiet, yule mdunguaji wa misheni ya 11 anayewatoa watu jasho: mtafute kwa darubini, muwekee alama, agiza kasha pale alipo, na uhakikishe anaendelea kukulenga wewe ili asihame. Makasha mawili yakimpata, pambano limekwisha, na hujafyatua hata risasi moja. Akihama kasha likiwa angani, limepotea. Agiza jingine.

Puto linaitwa Fulton. Linamchukua aliyelala, aliyezimia au aliyesalimu amri, na yule askari anakwenda kuwa mtumishi wa kambi yako ya baharini. Linachekesha kwa sababu ya ile nukta moja ya kutulia: puto linajaa, mtu ananing'inia usawa wa kifua, halafu kamba inamnyakua ghafla. Lakini yowe husikika, na puto huonekana. Mlinzi aliye karibu akiliona atakuja kuchunguza, na anaweza kulitungua. Ndani ya nyumba yenye paa halifanyi kazi, mvute mtu nje kwanza. Dhoruba ya mchanga hupunguza uwezekano wa kufika salama, majeraha pia, ingawa ukiimarisha kikosi chako cha madaktari walioumia nao wanafika. Baadaye kabisa unapata toleo linalommeza mtu papo hapo hata chini ya paa, na hapo kelele zinakwisha. Uzuri wa lile yowe nao unakwisha, na wengi hurudi kwenye puto la kawaida kwa sababu hiyo tu.

Boksi lastahili aya yake. Ni boksi la kawaida la karatasi ngumu, kama yale ya friji yanayorundikwa nje ya maduka ya Kariakoo, na Snake anajifunika nalo. Askari akiliona limetulia, hana neno. Akiliona linatembea, anakuja. Utamu ni picha za ukutani. Zing'oe kambini kama unavyokusanya vitu vingine, kisha zibandike juu ya boksi. Yenye picha ya askari, ukisimama nayo wima mbali kidogo, walinzi hukudhani mwenzao. Ukiisogeza karibu wanagundua. Yenye picha ya mrembo inawavuta wenyewe, wanakuja kutazama, wanaishusha bunduki, na hapo uko ndani umbali wa mkono mmoja. Kama askari anakukaribia kwa wasiwasi, ruka nje kwa upande asiouona na uliache boksi lilipo. Atalizunguka boksi tupu wakati wewe umekwishapita.

Matumizi yake makubwa ni usafiri. Kwenye kambi kubwa kuna majukwaa ya kupokelea mizigo, kila moja na karatasi yake ya anuani. Chukua karatasi hiyo. Ukishakuwa na mbili, simama juu ya jukwaa ndani ya boksi, chagua unakokwenda, na wanakusafirisha kama mzigo mpaka ndani ya kambi nyingine. Si lazima kuita helikopta, wala kumchosha farasi.

Farasi naye ana lake. Ukimwamuru kujisaidia barabarani, gari linalopita juu ya kinyesi linateleza na kuzunguka. Inachekesha mara ya kwanza, mara ya pili unaona maana yake: msafara uliokuwa unakupita kwa kasi sasa umesimama palepale ulipojificha. Mwamuru mapema, gari likiwa bado mbali, kisha umwondoe farasi njiani asigongwe.

Chooni pia pana kazi. Ukijificha ndani ya kile choo cha kubebeka na mlinzi akaja kukagua, cheza kupitia spika ile kaseti ya askari anayeugua tumbo. Anasikia, anaelewa, anaondoka zake. Kaseti uchague mapema kwenye menyu, maana akiwa ameshika mlango muda huna.

Yote haya ni mazuri mpaka ufikie lile la nne, kukariri. Gemu linahesabu tabia zako. Ukiwapiga kichwani mara nyingi, kambi zinaanza kuvaa helmeti, na sindano ikigonga helmeti inalia na kumwamsha kila mtu. Ukipenda kuingia usiku, wanapewa miwani ya kuonea gizani. Ukitumia gesi, wanavaa barakoa. Ukiwashambulia kwa nguvu za wazi, zinakuja fulana za kuzuia risasi. Mchezaji anayelalamika kuwa gemu limekuwa gumu ghafla, ukimuuliza, utakuta anatumia mbinu moja tangu misheni ya kwanza: usiku, sindano, kichwa. Amewafundisha mwenyewe.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kubadili: misheni chache ingia mchana, tumia mikono badala ya bastola, na ulinzi wa upande ule hupungua taratibu. Ya pili ni kutuma kikosi chako. Kwenye orodha ya misheni za kutuma watu kuna zinazolenga shehena za adui: helmeti, barakoa, miwani, fulana. Zikifaulu, vifaa hivyo vinatoweka kambini kwa muda, halafu vinarudi, kwa hiyo zirudie. Zinachukua muda halisi, zianzishe kabla hujatoka kwenda kazini. Anza na helmeti. Askari mwenye helmeti anavuruga kila kitu kingine.

Ukionekana, muda unapungua kasi ghafla. Hiyo inaitwa Reflex, na ina sekunde chache tu. Kazi yako ni moja: umlaze yule aliyekuona, huyo mmoja, kichwani. Usihangaike na walio nyuma yake. Wakiwa hawajasikia mlio wala hawajamwona akianguka, kambi inabaki kimya. Ukishindwa, atapiga kelele na redio itafanya kazi.

Hapo watu wengi hufia walipo. Walinzi hushambulia pale walipokuona mara ya mwisho: risasi, guruneti, hata mizinga midogo, vyote vinalenga sehemu ile. Kwa hiyo ondoka. Tupa bomu la moshi miguuni mwako, kimbia pembeni, lala chini nyuma ya kitu, na uwatazame wakiupiga ukuta uliouacha. Wanaojitumbukiza ndani ya moshi hubaki wanakohoa, na mtu anayekohoa anakamatika kwa mikono. Wakiwa karibukaribu unaweza kumtupa mmoja na kuunganisha kwa wa pili bila kusimama. Mdoli wa kupuliza unasaidia hapohapo: utupe upande mmoja, wanaushambulia, wewe unapita upande mwingine. Na ukiupuliza chini ya miguu ya askari, unamrusha na kumzimisha.

Lakini kabla ya yote hayo, kata mawasiliano. Kila kambi ya maana ina mitambo ya redio. Ukiilipua kwanza, hawawezi kuita msaada kambi za jirani. Umeme pia: ukizima swichi tu, askari mmoja atakuja kuiwasha, nawe unamsubiri hapohapo gizani. Ukiiharibu kabisa, giza linabaki.

Zamu zinabadilika saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kama saa yetu inavyohesabu siku. Kwa dakika kadhaa walinzi wanatembea, wengine wanakwenda kulala, malindo yanabaki wazi. Vuta ile sigara maalumu kuharakisha muda, ukiwa mbali na umejificha, uiachie karibu na saa hiyo.

Jambo moja linapuuzwa sana: lugha. Afghanistan walinzi wanaongea Kirusi, na mpaka umlete mkalimani kwenye kambi yako huwezi kuwahoji wala kuelewa soga zao. Kuna mkalimani wa Kirusi, wa Kipashto, wa Kiafrikaans, na wa Kikongo, ndugu wa Kiswahili katika lugha za Kibantu. Watafute mapema, wa Kirusi wa kwanza kabisa. Ukishampata, askari uliyemkaba koo anakutajia wenzake walipo na mali zilipofichwa, na soga za walinzi ulizokuwa unazipita zinakuelekeza njia za siri.

Kwa anayecheza kibandani: omba hedifoni. Nyayo, redio na minong'ono ndiyo nusu ya gemu hili, na pembeni ya watu wanaoshangilia goli hutasikia hata kimoja. Hadithi nzima inachezwa bila bando. Gemu likianza kutafuta seva, lilazimishe kukaa nje ya mtandao. Na kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote, usiweke puto la mwisho kabla ya kuvuka sehemu ya kusevu: toka nje ya kambi, subiri alama ionekane pembeni ya skrini, kisha rudi kumalizia.

Ukifa mara nyingi mahali pamoja, gemu linakupa kofia ya kuku. Ivae. Askari akikuona nayo anacheka badala ya kupiga kelele, na unapita mbele yake. Haivumilii kuonekana mara nyingi, na alama yako ya misheni haitazidi A. Kwa misheni iliyokukwamisha siku tatu, A inatosha.