Miti haisomi

Nimeshona sare za kwaya wiki nzima na sijui hata nimezishonaje. Mguu uko kwenye pedali, mkono unasukuma kitambaa, ila kichwa kiko kule kwenye ukumbi wa baraza, safu ya nyuma kabisa, Alhamisi asubuhi, na nyuma ya sikio langu la kulia kuna sauti ya mwanaume inasema taratibu, kwa upole kabisa:

“Usijali dada, wazee wote wako hivyo.”

Basi. Hakunitukana wala hakuniibia. Angenitukana ningemjibu palepale na saa hizi ningekuwa nimelala. Kero ya huyu kaka ni kwamba alikuwa ananifariji.

Niliwahi kuandika kuhusu barua ya Mtendaji wa Kata: Mama alikuwa amealikwa kwenye Baraza la Madiwani apewe cheti cha pongezi kwa ajili ya miti aliyoipanda kando ya njia. Tulifika mapema mno, maana Mama akiambiwa saa tatu anafika saa moja na nusu, halafu anauliza kwa nini geti limefungwa. Alivaa lile gauni la kijani nililomshonea Pasaka, khanga begani, na viatu vya msibani ambavyo ndivyo viatu vyake vya kila jambo zito. Kijana wa itifaki akampa maelekezo: “Mama, ukiitwa unapokea kwa mikono miwili, unageukia kamera, unarudi kukaa.” Mama akaitikia, “Haya mwanangu.” Ningemjua huyo kijana vizuri ningemwambia kuwa Mama akisema “haya mwanangu” kwa sauti ile, ujue hajakubaliana na wewe hata kidogo.

Baraza lenyewe, kwa ambao hamjawahi kwenda kukaa (nendeni, mlango uko wazi kwa mwananchi yeyote, ila huongei mpaka mwenyekiti akuruhusu), linachukua muda. Jiji la Dodoma lina kata 41, na kila kata ina diwani wake na joho lake, ongeza madiwani wa viti maalumu, ongeza wakuu wa idara na mafaili yao. Sala, kisha kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo. Kila anayesimama anaanza na “Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi,” na wengi wanamaliza kwa kuunga mkono hoja ambayo hakuna aliyekuwa anaipinga. Mimi nilikuwa naangalia majoho. Samahani, ni kazi yangu. Kuna moja limekunjwa pindo kwa mkono, mshono wa haraka, nadhani usiku wa kuamkia kikao.

Vyeti vikaletwa katikati. Alianza mwalimu mkuu ambaye shule yake imepandisha ufaulu. Kikafuata kikundi cha kinamama waliorejesha mkopo wao kabla ya muda, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Wakatoka mbele wote kwa vitenge vya sare, na kiongozi wao akapiga kigelegele ambacho nina hakika hakikuwemo kwenye ratiba. Akafuata dada mmoja mfagia barabara. Huyu alipigiwa makofi kuliko wote, na alistahili, maana upepo wa Agosti hapa kwetu unakurudishia vumbi ulilolifagia kabla hujageuka.

Mama akawa wa mwisho. Akapokea kwa mikono miwili. Akageukia kamera. Halafu badala ya kurudi akasogea kwenye kipaza sauti cha msoma taarifa, akakigonga kwa kidole kuona kama kinaongea.

“Mbukwenyi!” Salamu ya Kigogo hiyo.

Ukumbi mzima, “Mbukwa!” Hata wakuu wa idara waliohamia juzi na treni ya SGR waliitikia.

“Mheshimiwa Meya, mwanangu. Hii karatasi nashukuru sana. Lakini miti haisomi. Miti inakunywa.”

Watu wakaanza kucheka. Mama akasubiri wamalize, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke.

“Madumu yangu yametoboka. Naomba mpira wa maji, ule mrefu.”

Meya, naye akitabasamu, akasema, “Mama yetu tumekupokea. Wataalamu wako hapa, wamesikia, watalifanyia kazi.”

“Lini?”

Hapo ukumbi ulipasuka. Meza zikagongwa, majoho yakatikisika, na yule kijana wa itifaki akaangalia dari. Mama akarudi kwenye kiti chake na cheti mkononi, kwa mwendo wake uleule wa kwenda kisimani.

Mimi wakati huo nimeinama. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kesi yote ilipo. Nimeinama kwa sababu simu niliyokuwa namrekodia ilinichomoka nilipokuwa nacheka na ikaingia chini ya kiti cha mbele, na nilikuwa naipapasa kwa mkono huku uso uko karibu na magoti. Sasa mtu aliyekaa nyuma yangu anaona nini? Anaona mwanamke aliyekuja na yule bibi, ameinama, mabega yanatikisika. Ndipo akanigusa bega.

“Ni mama yako?”

“Ndiyo.”

“Usijali dada, wazee wote wako hivyo.”

Nikageuka. Nikamwona: mtu mzima wa makamo, bahasha ya kaki mapajani, shati la kitenge. Na lile shati, jamani, fundi wake alikata kitambaa kichwa chini. Maua yote yanaangalia ardhini, kifuani mpaka kwenye kola. Nikasema “Asante.” Mdomo ulijibu wenyewe kabla sijaufikia.

Tangu hapo nimeshamjibu huyu kaka kwa namna nyingi sana. Nikiwa naweka zipu namjibu kwa ukali: “Wazee wote nani? Huyu ni mmoja, na ana jina.” Nikiwa napiga pasi namjibu kwa hesabu: “Kaka, Dodoma inapata mvua milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki nani anaunywesha mti? Huyo unayemwita wote.” Usiku huwa namjibu kwa dharau: “Shati lako limegeuzwa.” Hili la mwisho ndilo tamu kuliko yote na ndilo ninalolijutia kuliko yote, kwa kuwa halihusiani.

Maana si kwamba Mama aliokota tu jambo la kusema. Ile kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilipozinduliwa mwaka 2017 kule Mzakwe, na Samia Suluhu Hassan wakati huo akiwa Makamu wa Rais, watu wengi walipanda, wakapiga picha, wakaondoka. Mama hakupiga picha. Alichukua miche ya mwarobaini akaipanga kando ya njia inayotoka kwetu Nkuhungu kuelekea shuleni, kila mche na uzio wake wa miiba ya mkungugu kwa ajili ya mbuzi, na kila mche na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kuzikwa kichwa chini karibu na mizizi, kifuniko kimetobolewa kwa sindano. Sindano zangu za cherehani, kwa taarifa yenu, namba 18. Maji yanadondoka polepole chini kwa chini, jua halipati kitu. Anayajaza yale yaliyosuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na povu. Akikuta chupa imekanyagwa anasimama hapo anaongea peke yake kwa Kigogo, na ni vizuri watoto wa shule hawaelewi yote.

Kwa hiyo “madumu yametoboka” haikuwa hadithi ya mzee. Ilikuwa taarifa ya utekelezaji, fupi kuliko zote zilizosomwa siku ile, na yenye ombi moja linalotekelezeka.

Lakini nikisema kweli, hicho siyo kinachoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba kuna mtu anatembea mjini hapa, labda kapita hata mbele ya fremu yangu, akijua moyoni mwake kwamba siku ile nilimwonea Mama aibu. Ana ushahidi wake, ameona mgongo wangu. Na mimi sina pa kwenda kukata rufaa.

(Wiki hiyohiyo kaka yangu wa Singida amepata mapacha baada ya miaka yote ile ya kusubiri, shemeji na watoto wote salama, na kikao chenyewe kiliendelea hadi jioni kikachagua Naibu Meya. Nitaandika siku nyingine.)

Jumapili baada ya ibada nikamwambia Mama. Sikuwa nimepanga. Alikuwa anachambua mlenda, mimi napepeta uwele, tumenyamaza vizuri tu, likanitoka: “Mama, siku ile walikucheka.”

“Walicheka, ndiyo.”

“Hukuona vibaya?”

Akaniangalia. “Sasa ulitaka walie?”

Nikasimulia basi habari ya yule kaka, maneno yake yote, na sauti yake nikaiigiza. Nilitegemea angalau atasonya. Mama akauliza, “Huyo mwenye shati la maua yanayoanguka?”

Kumbe! Kumbe nje, nilipokwenda kutafuta bajaji, yule kaka alimfuata Mama chini ya mti wa maegesho akampa shikamoo ya adabu na kumuuliza mwarobaini unapandwa umbali gani kutoka ukutani. Amepata kiwanja Iyumbu, kikavu, hakuna hata kijani cha kuonea. Mama amemwahidi miche miwili. Na akamwambia aje na dumu lake mwenyewe, zima.

“Umempa miche?”

“Kiwanja hakijanikosea kitu.”

Nilicheka mpaka uwele ukamwagika kwenye mkeka, na kwa kweli tangu hapo kifua kimekuwa chepesi. Siyo kwamba nimemsamehe. Akija kuchukua miche nitakuwepo, na nitamwambia habari ya simu iliyoanguka, kwa utaratibu, hatua kwa hatua, apende asipende. Mama amenikataza. Nimeitikia “haya Mama.”

Halafu kuna hili la jina. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wamesikia, sijui nani kawaambia (ni Mama mwenyewe), na sasa akipita wanasimama wote: “Shikamoo Mama Lini!” Anawaitikia “Marahaba” kwa madaha ya mke wa mtemi. Kila mgeni akija hadithi inasimuliwa upya na kila mara inanenepa. Mpaka jana Meya alikuwa amesimama kwenye kiti, Mkurugenzi amefuta machozi, na lile ombi la mpira wa maji limeongezeka tenki la lita elfu moja, ambalo mimi niliyekuwepo sikulisikia. Cheti kimetundikwa juu ya kabati, karibu na picha ya Baba mbele ya ofisi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa inagawa viwanja. Mama bado anaita kila ofisi ya viwanja CDA, ingawa ilivunjwa 2017. Ukimsahihisha anakuuliza kwani viwanja navyo vilivunjwa.

Jumatatu alipita bwana mmoja wa mazingira na daftari, akahesabu miti, akaandika namba ya simu ya Mama, akasifia zile chupa. Mnajua aliulizwa nini wakati anaaga. Alijibu kwamba anaipeleka kwa wakubwa wake, na Mama akamsindikiza mpaka barabarani akimwonyesha mche mmoja mmoja, kila mmoja na historia ya mbuzi wake.

Mimi nimerudi kwenye sare. Zimebaki za sauti ya tatu, na Jumamosi wanazitaka. Ningekuwa nimeshamaliza kama si mwenye fremu kuja leo mchana na wanaume wawili nisiowajua. Hawakuniambia kitu zaidi ya habari za kazi. Mmoja alikuwa na tepu. Wakapima mlango, wakapima kutoka ukuta wangu hadi wa jirani anayeuza vifaa vya simu, wakaandika kwenye kiganja, wakaondoka. Nimelipa kodi hadi Desemba na risiti ninayo. Jirani anasema labda wanataka kubadilisha mageti tu. Lakini mtu wa mageti anapima ukuta wa nyuma kwa ajili gani?