Paka wa miaka 13 na tramu isiyo na nauli

Minette alikuwa na umri wa miaka 13 nilipomchukua. Bibi aliyemlea tangu utotoni alikuwa amehamia kwenye nyumba ya wazee ambako paka hawaruhusiwi, na kwa miezi mitano Minette alikuwa akiishi katika kituo cha kutunzia wanyama, akitazama watu wanaompita kwenda kuchagua watoto wa paka. Nilipouliza sababu, mtunzaji alinijibu kwamba watu huogopa mambo mawili: kwamba paka mzee atakufa mapema, na kwamba matibabu yake yatawamaliza.

Hofu ya kwanza ina ukweli wake, lakini paka anayelelewa ndani ya nyumba mara nyingi hufika miaka 15, na wapo wanaopita hapo kwa mbali. Tena paka mzee tabia yake imekwisha kukomaa. Mtunzaji aliponiambia kwamba huyu hupenda kupakatwa jioni na kwamba hawezi kuvumilia mbwa, hakuwa akibahatisha, ilhali kwa mtoto wa paka hakuna mtu awezaye kusema atakuwa mnyama wa namna gani.

Hofu ya pili ndiyo iliyonifikia. Wiki chache baada ya kuja kwangu, Minette alianza kunywa maji mengi kupita kawaida na kukonda, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba figo zake zimeanza kudhoofika. Ugonjwa huu huwapata paka wengi uzeeni: figo hushindwa kuzuia maji yasitoke na mkojo, maji hupotea, na mnyama hunywa bila kukoma ili kuyafidia. Hautibiki ukaisha, lakini chakula chenye fosforasi kidogo na uangalizi wa karibu humpa paka muda mrefu wa kuishi vizuri. Uangalizi huo maana yake ni safari: kupimwa uzito, damu na shinikizo la damu kila baada ya miezi michache, na safari nyingine za ghafla, kwa kuwa paka huficha maumivu na mara nyingi dalili pekee unayoiona ni kwamba leo hakurukia dirishani kama jana.

Mimi sina gari. Naishi karibu na stesheni kuu ya mji wa Luxembourg na daktari wetu yuko mtaa wa Kirchberg, kwa hiyo tunapanda tramu, inavuka daraja la Adolphe, inazunguka katikati ya mji na kuvuka daraja jekundu, nami nimempakata Minette ndani ya kikapu chake kilichofunikwa taulo. Hatulipi chochote. Tangu mwisho wa Februari 2020 tramu, mabasi na treni za nchi nzima ya Luxembourg ni bure kwa mwenyeji na mgeni, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Kabla ya hapo tiketi ya saa mbili ilikuwa yuro 2 na ya siku nzima yuro 4, na mapato hayo hayakufikia hata sehemu moja ya kumi ya gharama za uendeshaji; sehemu kubwa ilikuwa ikilipwa na kodi zetu tayari.

Magari bado ni mengi barabarani, hasa kwa kuwa zaidi ya watu 200,000 huvuka mpaka kila siku ya kazi kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, na kuondoa nauli peke yake hakumshawishi mtu kuliacha gari lake ikiwa basi la kijijini kwake hupita mara moja kwa saa. Lakini naona ni kosa kuupima mpango huu kwa hesabu ya magari tu. Nilikulia Tanga, ambako mama alihesabu kwanza nauli ya daladala, ya kwenda na ya kurudi, ndipo akaamua kama homa ya mtoto ingoje hadi kesho. Hesabu hiyo ndiyo iliyoondolewa hapa. Safari moja Minette alilia na kuhema kwa hofu hadi nikashuka naye njiani, nikakaa naye kwenye benchi nusu saa nikimsemesha, kisha nikapanda tramu nyingine. Nikafanya hivyo tena vituo viwili mbele, bila kujiuliza tiketi yangu imebakiza dakika ngapi. Mtu mwenye kipato kidogo anaweza kumchukua mnyama mgonjwa na kumhudumia ipasavyo pale tu ambapo kila safari si deni jipya.

Sasa ana miaka 14. Amerudisha gramu 200 alizokuwa amezipoteza, na kwa kuwa viungo vyake vimekakamaa nimemwekea kigoda chini ya dirisha ili apande kwa hatua mbili. Miadi yetu ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Kikapu kiko mlangoni, na taulo lake nimekwisha kulifua.