Madam na ngazi

Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha shule ya msingi moja huko Korogwe, ndo tukaletewa mwalimu mkuu mpya, mama mmoja mfupi, mkimya. Tukajua ataanza na kikao kama kawaida yao, kumbe alichouliza asubuhi ile ni nani hapa kijijini ana ngazi.

Ikaletwa ya fundi. Akajifunga kanga juu ya sketi, akashika msumari wa inchi sita, akapanda mpaka usawa wa lenta, sisi wanaume tumesimama chini tunatazamana tu. Akachoma kenchi, zile mbao zinazobeba bati, msumari ukazama wote kama kwenye ndizi mbivu! Kwa nje mbao safi kabisa, ndani udongo mtupu wa mchwa. Na hilo ni darasa la tatu, watoto wanakaa chini yake kila siku.

Akashuka, akatupeleka nyuma ya darasa akatuonyesha walikopitia. Gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, ilishadondoka zamani, basi kila masika maji ya bati yanapiga pale pale, udongo ukaondoka mpaka msingi ukabaki wazi, ukuta ukapata ufa, na mchwa anapenda unyevu na sehemu ya kujificha, wakapanda na ufa mdogo mdogo hadi kwenye kenchi. Yani kipande cha gata tu.

Shida ikaja kwenye kamati. Ruzuku ya elimu bila malipo wakati ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na ya vitabu ilikuwa inakatwa huko huko juu, iliyobaki mwenyekiti alishaipangia rangi ya mbele maana kuna ugeni wa wilaya.

"Mwalimu, wageni hawaangalii juu."

"Ndo maana nimeangalia mimi, mzee."

Mwenyekiti hakuwa mjinga lakini. Mwalimu mkuu anasifiwa kwa darasa jipya, Mwenge ukija unazindua jengo, mi sijawahi kuona umezindua gata.

Wakabishana hadi jioni, mwisho ikapita: kenchi zilizoliwa zitolewe, mpya zipakwe oili chafu, gata irudi, wazazi walete mawe na udongo wa kujazia msingi. Darasa la tatu wakahamia chini ya mwembe kwa muda. Rangi ikakosa hela.

Ugeni ukaja masika yameshaanza. Afisa akazunguka na mwavuli wake, akala wali kuku, kwenye kitabu cha wageni akaandika: majengo yapakwe rangi. Madam akasoma, akafunga kitabu, akaniagiza nitafute vijana wakatoe majani kwenye gata.