Kanda za mjomba

Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alipofariki, Aprili 2014, nyimbo zake zilitapakaa kwenye simu zetu Mombasa. Nyingi zilifika zikiitwa "Track 01", hazina picha wala jina la mtunzi, na sauti imebanwa hata tashkota, ile ala ya nyuzi, haitambulikani. Mjomba wangu, mwenye kanda za Bhalo tangu ujanani, alikasirika kwelikweli. "Njoo na hiyo kompyuta yako," akaniambia. "Twaanza leo."

Niliunga deki ya kaseti na kompyuta, nikarekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde. Kanda ya saa moja ikala zaidi ya megabaiti 600. Mjomba akataka tugeuze zote MP3, diski isijae. Nikamsikilizisha kipande kimoja mara mbili: kwanza MP3 ya kilobiti 96 kwa sekunde, kisha FLAC, aina nyingine ya faili ya sauti. Hata ile ya kwanza haijesha, akauliza, "Huyu apiga tashkota ama apiga bati?" Nyuzi za tashkota hulia ghafla na kwa ukali, na MP3 iliyobanwa mno huharibu mlio huo. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote. Ukiifungua, rekodi ni ileile, biti kwa biti. Basi ikawa ndiyo nakala ya kuhifadhi. Redio ya gari lake haikuisoma, kwa hiyo kwa ajili ya gari na jamaa nikatoa MP3 za kilobiti 320 kutoka FLAC hiyo hiyo. Kilichokwisha kutupwa na MP3 hakirudi, ndiyo maana nilishikilia asili ibaki nzima.

Kava za kaseti ndizo zilizotukalisha hadi usiku. Nilizipiga skana, na kila picha ikatoka na megabaiti kadhaa. Picha ikipachikwa ndani ya faili hurudiwa katika kila wimbo, kwa hiyo nilizipunguza ziwe JPEG za pikseli 600 kwa 600. Lakini karatasi ya kaseti ni ndefu, si mraba. Kuikata kungeondoa maandishi ya chini, na mjomba alikataa katakata. Nikaongeza weupe pembeni, kila neno likabaki. Lebo za MP3, yaani jina la wimbo, la mwimbaji na la mtunzi ndani ya faili, nikaziandika kwa mfumo wa ID3 toleo la 2.3, ambalo redio yake ililisoma bila taabu.

Kilichomgusa mjomba zaidi ni nafasi ya mtunzi kwenye lebo hizo. Nyingi za nyimbo hizo ni mashairi ya Ahmad Nassir, binamu yake Bhalo, na watu waziimba miaka bila kumtaja. Mjomba alikaa karibu yangu akinitajia wimbo mmoja mmoja: huu wa Ahmad Nassir, huu andika, huu pia. Palipokuwa na shaka alisema, "Hapo usitie jina la mtu." Tukapaacha wazi, akaondoka na orodha ya hizo kwenda kuwauliza wazee wenziwe.