Tyubu na modela: kumbe miaka yote nilikua nabishania spika

Mi nilikua wale watu. Ukinitajia amplifaya ya gitaa ya dijitali nakukata kabla hujamaliza, nakwambia hiyo ni kompyuta imevaa koti la amplifaya, haina roho. Yangu ni ya tyubu, wati 50, nyuma ina EL34 mbili na mbele 12AX7 tatu, na kama hizo namba hazikuambii kitu, ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya makaa, ndo vinakuza sauti mahali pa transista. Kilo 24. Nimeipandisha ngazi miaka tisa mpaka bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto na sijawahi kulalamika mbele za watu, maana mtu wa tyubu halalamiki.

Kilichonishusha ni mtoto. Amplifaya ya tyubu haipigiki usiku wakati kuna mtoto mchanga chumba cha pili, ukiipunguza sana inatoa sauti kama mtu anaongea akiwa amezibwa mdomo na mto, na ukiifikisha pale inapoanza kuimba nyumba nzima iko macho. Nikanunua modela, kile kiboksi cha chini chenye swichi za kukanyaga na kioo katikati, ndani yake kuna amplifaya za kuigiza nyingi kiasi kwamba mpaka leo sijazifikia zote.

Usiku wa kwanza na hedifoni niliishia nusu saa. Sauti ilikua safi, siwezi kuisingizia, safi kama rekodi. Ila nilijihisi kama nasikiliza mtu mwingine anapiga. Nikasema si mnaona, haina roho, nikalala nimefurahi.

Niseme kwanza tunachokipenda kwenye tyubu ni nini, maana watu wanasemaga tu "joto, joto" kama wanaongelea blanketi. Ukiisukuma tyubu kupita uwezo wake haikati kilele cha wimbi la sauti kwa mkupuo, inakikunja taratibu, ndo maana ule mkwaruzo unakua mnene badala ya kuchoma masikio. Afu kuna umeme wa ndani, ukigonga kodi kwa nguvu (kodi ya gitaa nasema, siyo ile inayotutoa jasho) volti zinashuka kidogo na zinarudi, kwahiyo sauti inabonyea halafu inachanua, na hilo hulisikii tu, unalipata vidoleni. Ukipunguza voliumu ya gitaa yenyewe mkwaruzo unasafika bila kugusa kitu kingine. Hayo ndo mambo ambayo modela za zamani zilikua haziyawezi. Ile POD nyekundu ya Line 6 ya 1998 ilisaidia wengi kurekodi nyumbani, ila ukipunguza voliumu ilikua inakonda tu. Hizi za sasaivi ni nyingine kabisa, zinakokotoa saketi kipande kwa kipande, na zingine zinaisikiliza amplifaya halisi zikajifunza inavyojibu, kuna hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, inafanya hivyo kwa mtandao wa neva.

Sasa shoo ya kwanza na modela. Sauti zangu zote nilizitengeneza saa nane usiku na hedifoni, polepole, nikawa najisifu peke yangu. Jukwaani ilitoka sauti ya nyuki kwenye debe, chini inavuma, juu inachoma, katikati hamna gitaa. Fundi mitambo akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Modela haikua na kosa lolote, kosa lilikua langu: sikio la binadamu kwa sauti ndogo linasikia besi na treble hafifu kuliko katikati, jambo ambalo watafiti wa sauti Fletcher na Munson walishalipima tangu 1933, kwahiyo usiku nilikua nazipandisha mpaka ziniridhishe, na sauti ilipokuzwa zikafura zote. Wiki iliyofuata nikatengeneza upya nikiwa nimesimama, spika kubwa, voliumu ya mazoezi, nikakata sauti nzito zote chini ya hertz 100 hivi na kali zote juu ya 6,000, na matatizo yakaisha. Kama una modela na unaichukia, fanya hilo kabla hujaiuza.

Ila bado ile "haina roho" ilikua inanisumbua, nikataka kuijaribu kiukweli. Jumamosi moja mazoezini nikazima sehemu ya modela inayoigiza spika na maiki, nikaipitisha kwenye paua ndogo ya transista (amplifaya tupu ya kuongeza nguvu tu) inayoingia mfukoni mwa begi la gitaa, nikaiingiza kwenye spika ile ile ya inchi 12 ya amplifaya yangu. Mpiga besi akashika gitaa, mi na mpiga ngoma tukageukia ukutani. Tulilinganisha sauti kwa programu ya simu ya kupima desibeli, na hapo usifanye mchezo, kinachosikika juu kidogo ndo sikio linakipa ushindi, mabishano mengi ya haya mambo mshindi ni voliumu tu. Kila kubadilisha ilibidi tuzime kwanza ndo tuhamishe waya wa spika, kwa sababu amplifaya ya tyubu ukiipiga bila spika unaweza kuunguza transfoma ya kutolea, kwahiyo zoezi lilikua refu na najua siyo utafiti wa kimaabara.

Mara kumi tulikisia ipi inapiga. Mpiga ngoma alipatia nne. Mi, mtu wa tyubu wa miaka tisa, mwenye bega lililoshuka, nilipatia sita, ambayo ukirusha sarafu unaipata bila shida.

Nilinyamaza kidogo. Afu nikachukua gitaa mwenyewe nipige huku naona nini kimewashwa, na hapo ndo nikaelewa nilikua nalilia nini miaka yote. Suruali inatikisika. Noti ukiishikilia karibu na spika inaanza kulia yenyewe kwa sababu hewa inazitikisa nyuzi. Na vyote viwili vinafanya hivyo! Kumbe ile roho ilikua ni spika na hewa ya chumba. Spika ya gitaa ni kitu cha ajabu, haina twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ikipita hertz 5,000 hivi inaanza kuanguka, na inarusha sauti mbele kama tochi, ukisimama pembeni unasikia kitu kingine. Hedifoni haiwezi kukupa hicho. Modela kwenye hedifoni inakupa amplifaya ilivyosikika na maiki iliyobandikwa mbele ya spika, yaani sauti ya studio, ile ile unayoisikia kwenye kila rekodi unayoipenda. Nilikua nalinganisha picha ya mtu na mtu mwenyewe afu nailaumu picha haina joto la mwili.

Tofauti iliyobaki ipo, sitaki kudanganya. Nikishusha voliumu ya gitaa mpaka nne hivi tyubu inasafika kwa namna ambayo mkono wangu umeizoea, modela inasafika pia ila inapita njia nyingine, na nikipiga kwa hasira tyubu inanirudishia kitu kama mpira. Aliyekaa kusikiliza hajui. Mi najua. Wanaosema modela inachelewa hao sasa siwaelewi, ucheleweshaji wake mara nyingi ni milisekunde mbili tatu, na sauti yenyewe hewani inakula kama tatu kwa kila mita, kwahiyo ni sawa na kusogea hatua moja nyuma.

Na wati nazo zilinichanganya sana. Kampuni ya Fender walipotoa amplifaya yao ya Deluxe Reverb kwa dijitali, ile Tone Master ya 2019, waliipa wati 100 ili iigize ya tyubu ya wati 22. Mtu anasoma anadhani ya tyubu ina uchawi. Sababu ni kwamba tyubu ikizidiwa inaendelea kutoa sauti tamu juu ya wati zilizoandikwa, dijitali ikizidiwa inachafuka vibaya kwahiyo inahitaji nafasi ya ziada. Na wati mara mbili ni desibeli 3 tu, ndo maana ile 100 ya rafiki yako haijaizidi 50 yako kama alivyokua anajitapa.

Kero za modela zinakuja baadaye. Menyu. Niliwahi kukaa saa mbili nachagua maiki ya kuigiza, gitaa sijaligusa. Kuna siku nimesasisha programu yake sauti zangu zote zikafutika, nakala sijahifadhi, sina cha kusema. Na itazeeka, amplifaya ya 1959 leo inafunguliwa na fundi mwenye pasi ya kuchomelea inapona, modela ikifa baada ya miaka kumi na tano sijui nani ataipatia chipu yake. Ingawa usinielewe vibaya, tyubu nazo ni mzigo, zinachoka zenyewe, za nguvu zinabadilishwa kwa jozi na kupimwa bayasi (umeme unaopita ndani yake zikiwa zimetulia), na ndani mle kapasita zinaweza kubaki na volti mia nne na zaidi hata ukiwa umechomoa waya ukutani, kwahiyo kama hujui kuzimaliza umeme usiingize mkono, mpelekee fundi.

Kwenye shoo sasaivi naenda na modela, begi moja, napanda ngazi mikono mitupu kidogo, na fundi mitambo ananisalimia. Amplifaya iko pale kwenye kona. Juzi 12AX7 ya kwanza ilianza kulia kama glasi, unaigonga na penseli inasikika mpaka kwenye spika, nikaitoa nikaweka mpya, nikawasha, nikakaa chini nasubiri vile vichupa vipate moto. Nikapiga kodi moja tu. Mtoto akaamka.